Sweta linamtosha mwilini, kichwa hakipiti shingoni

"Nilijifunza kufuma mwaka jana, na sweta langu la kwanza nimemfumia mtoto wa kaka yangu, wa kiume, mwenye miezi minane. Tunaishi Njombe na nilitaka alipate kabla ya baridi ya Juni. Nilitumia uzi wa akriliki na sindano za milimita 4, nikafuata vipimo vya umri wa miezi 9 hadi 12. Nikililinganisha na nguo zake nyingine, kifua, mikono na urefu viko sawa, lakini shingo haipiti kichwani. Wifi yangu alijaribu kulivuta kwa nguvu, mtoto akalia mpaka tukaacha. Nimepima: shingo isipovutwa ina mzunguko wa sentimita 30, ikivutwa hadi mwisho inafika 38, na kichwa cha mtoto ni sentimita 44. Mwenzangu mmoja anasema kosa ni la uzi. Fundi cherehani anataka nimpelekee aikate shingo kwa mkasi na kuipiga pindo. Mwingine ananishauri niipasue mbele nitie utepe wa kufunga. Jirani naye amesema huenda kichwa cha mtoto ndicho kikubwa kupita kawaida, na tangu siku hiyo wifi yangu hana raha. Nifanye nini na sweta hili, na nifanyeje nisirudie kosa katika la pili?"

Shangazi mwenzangu, sweta litangoja kidogo, kwa sababu katika barua yako kuna jambo zito kuliko uzi na sindano. Kwa mujibu wa chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa miezi minane aliye katikati kabisa ya wenzake ana kichwa chenye mzunguko wa sentimita 44.5. Wa kaka yako ana 44. Yuko katikati, tena chini yake kwa nusu sentimita, na ningependa wifi yako aambiwe hivyo leo kabla hajalala. Nchini mwetu habari za watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi zinasikika mara kwa mara, kwa hiyo hofu yake haikutoka hewani. Hata hivyo, kinachowatia wataalamu wasiwasi ni kichwa kinachoongezeka upesi kuliko chati inavyotarajia, utosi unaotuna wakati mtoto ametulia na ameketishwa, macho yanayoelekea chini muda wote, kutapika kusikoeleweka au ulegevu. Mkiona mojawapo ya hayo, mpelekeni kituo cha afya bila kungoja siku ya kliniki. Msipoliona lolote, mkienda kliniki mwombeni muuguzi ampime kichwa kwa tepu na kuandika kipimo hicho, kwa maana kipimo kimoja hakisemi mengi, ila viwili au vitatu vilivyopishana kwa miezi husema.

Sasa tulirudie sweta. Wewe umeshangaa kwamba mwili unatosha na kichwa hakipiti, kana kwamba vipimo ulivyofuata vilikudanganya. Havikukudanganya, isipokuwa mtoto mchanga ana umbo ambalo sisi watu wazima tumekwisha kulisahau. Anapozaliwa, kichwa chake kina mzunguko wa takriban sentimita 35, na hicho ni kikubwa kuliko kifua chake. Anapokaribia mwaka mmoja, kichwa na kifua huwa karibu sawa, na baada ya hapo ndipo kifua kinapotangulia na kuendelea kutangulia maisha yote. Sweta la mtu mzima lina kifua cha sentimita 90 au 100 na kichwa cha kama 56, kwa hiyo hata fundi mzembe husamehewa. Sweta la mtoto wa miezi minane lina shingo inayotakiwa kupitisha kitu chenye unene sawa na kiwiliwili chenyewe, na mara kikishapita, shingo hiyo hiyo irudi na kulala juu ya shingo nyembamba ambayo ni kama nusu ya kichwa. Inatakiwa iwe mlango na kola kwa wakati mmoja. Vipimo vinavyoandikwa kwa umri husimamia kifua na urefu, na suala la mlango huachiwa mkono wa mfumaji.

Na mkono wa mfumaji mgeni una tabia yake. Tazama kwa makini kinachotokea uzi unapofumwa. Kitambaa cha khanga au kitenge kimefumwa kwa nyuzi zilizonyooka, moja ikienda urefu na nyingine upana, na uzi ulionyooka hauna akiba. Ndiyo maana kitenge huvutika kidogo tu unapokishika kwa mshazari, na ndiyo maana gauni la mtoto la kitenge hufunguliwa mgongoni kwa kifungo au zipu. Sweta ni kitu kingine kabisa. Ndani yake uzi haukunyooka popote, bali umepindapinda kuwa vitanzi, kila kitanzi kimening'inia kwenye kitanzi cha mstari uliotangulia. Ukilivuta kwa upana, vitanzi hunyooka kidogo, kila kimoja kikimwazima jirani yake uzi wake, na ukiliachia kila mmoja hurudisha alichokopa. Ule ukanda wa shingo unaofumwa kwa kupokezana kitanzi cha mbele na cha nyuma una akiba kubwa zaidi, kwa sababu mistari ya vitanzi vya nyuma hujificha baina ya ile ya mbele na hujitokeza tu inapovutwa. Ukanda wa namna hiyo, ukifumwa kwa mkono wa kawaida, huweza kuvutika hadi mara moja na nusu ya upana wake wa kawaida, pengine zaidi. Wa kwako umetoka 30 hadi 38, yaani kama robo tu. Kuna kitu kinaushika.

Ninaposhikishwa sweta la mwanafunzi wangu lenye shida kama yako, mara nyingi nakuta kinachoushika ni mstari wa mwisho kabisa, pale vitanzi vilipofungwa ili visifumuke. Mstari huo haufanani na mingine. Ni mnyororo uliolala kwenye ukingo, na urefu wake unategemea tu kiasi cha uzi ulichouachia siku ile ulipoufunga; ukishanyooka wote umekwisha, hauna jirani wa kumwazima. Anayejifunza, baada ya majuma mengi ya kazi, huogopa kwamba jasho lake litafumuka, hivyo anapofika kwenye kufunga hukaza kila kitanzi kama anayefunga mzigo juu ya basi. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa masweta mawili mfululizo, na la pili lilivaliwa na mwanasesere.

Hebu lithibitishe hilo kabla hujagusa chochote. Ivute shingo kwa mikono miwili kwenye mwanga wa dirisha. Ikiwa ukingo umekazika kama kamba ya kuanikia nguo huku vitanzi vilivyo chini yake bado vimelegea, mwenye kosa ni ukingo. Ikiwa ukanda wote umekazika pamoja, vitanzi vyembamba kila mahali, basi idadi ya vitanzi ulivyookota shingoni, yaani vile ulivyovivuta kwenye ukingo wa shingo ili kuanzia ukanda, ilikuwa ndogo, na kuulegeza ukingo peke yake hakutakusaidia.

Wale wanaokushauri wana nia njema, lakini nitawapinga. Fundi cherehani ni bingwa wa kitambaa kilichonyooka. Akikata shingo ya sweta kwa mkasi, kila kitanzi kilichokatwa kinaachilia kile cha chini yake, na mfumuko unateremka kama ngazi. Atakimbilia kuushona, na mshono wake wa cherehani hauvutiki kama sweta linavyovutika, kwa hiyo ama utazuia shingo kuliko ilivyozuiwa mwanzo, ama utakatika siku ya kwanza ya kumvisha mtoto. Wapo wanaokata masweta yao kwa mkasi bila woga, huko visiwa vya Shetland na Norwei, lakini wao hutumia sufu ya kondoo yenye magamba madogo yanayoshikana, tena wanakuwa wamefuma ukanda maalumu wa kukatwa tangu mwanzo. Akriliki ni laini na huteleza. Usijaribu.

Utepe wa kufunga shingoni nausema kwa kifupi: hapana. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 14682 hakiruhusu kamba za kufunga shingoni wala kwenye kofia ya nguo za watoto walio chini ya miaka 7, na Marekani walitoa mwongozo wao mwaka 1996, baada ya watoto kunaswa kamba za makoti yao kwenye vitelezo vya kuchezea na milango ya mabasi ya shule. Mtoto wenu bado hajafika kwenye mabasi, lakini muda si mrefu atakuwa anatambaa baina ya miguu ya viti na vitasa vya kabati, na utepe ulio shingoni hauhitaji zaidi ya hapo.

Kuna ushauri mmoja ambao hukuutaja lakini nina hakika utakufikia, nao ni kuinyoosha shingo kwa pasi na kitambaa kibichi. Akriliki ni aina ya plastiki. Ikipata mvuke mkali hulegea, na ikishalegea hairudi tena. Shingo itapita kichwani, lakini itabaki wazi mpaka mabegani, na ubaridi wa Njombe utaingia hapo.

Linalofaa ni kufumua. Lugha yetu imetutangulia hapa, kwa kuwa kufuma na kufumua ni neno moja lililogeuzwa, na sweta ndicho kitu cha nadra katika ushonaji kinachokubali kurudishwa nyuma bila kupoteza hata sentimita ya uzi. Ila lina upande wake. Hufumuka vizuri kutoka pale ulipomalizia, si kutoka ulipoanzia. Ikiwa ulifuma mgongo na mbele kuanzia chini, kisha ukaokota vitanzi vya shingo na kumalizia nayo, una bahati: tafuta ncha ya uzi ulipofungia, ifungue, ufumue mstari wa ukingo peke yake, na vitanzi vilivyo hai, yaani vilivyobaki wazi bila kufungwa, uvipitishe kwenye uzi mrefu wa rangi nyingine. Ikiwa ulianzia shingoni na kuteremka, ukingo wako ni wa mwanzo na hautafumuka kwa kuvutwa. Hapo usijitese, ikiwa bega lina mshono nenda moja kwa moja kwenye bega, ambalo nitalieleza hivi punde.

Vitanzi vikiwa kwenye ule uzi mrefu, vuta tena na upime. Hiki ndicho kipimo cha kweli cha shingo yako, bila ukingo kuingilia. Unahitaji walau sentimita 47, kwa sababu kichwa cha 44 cha leo kitakuwa kimeongezeka kidogo ifikapo Juni, na kwa sababu mtoto hapendi nguo inayomkwangua masikio. Ikifika 47, funga upya kwa ulegevu. Njia rahisi ni kutumia sindano kubwa zaidi, ya milimita 5 au 5.5, kwa mstari huo wa kufunga tu. Njia ninayoipenda mimi ni kufunga kwa sindano butu ya kushonea: kata uzi wenye urefu wa mara tatu au nne ya mzunguko wa shingo iliyovutwa, upitishe kwenye vitanzi viwili vya kwanza kutoka kulia kwenda kushoto, uvute bila kukaza, kisha urudi kupita kwenye kitanzi cha kwanza peke yake kutoka kushoto kwenda kulia, na hicho ukiachie kitoke. Unaendelea hivyo hadi mwisho. Ni kazi ya taratibu, lakini ukingo wake huvutika pamoja na ukanda.

Nisikufiche kwamba matumaini hapa ni membamba. Mara moja na nusu ya 30 ni 45, na wewe unahitaji 47. Inawezekana ukanda wako ukatoa zaidi, inawezekana usitoe. Usipotoa, fungua bega. Wengi wanaofuma kwa sindano mbili zilizonyooka hushona bega moja kwanza, huokota na kufuma ukanda wa shingo, kisha hushona bega la pili pamoja na ncha za ukanda. Kama nawe ulifanya hivyo, bega hilo la pili lina mshono tu, na mshono hufumuliwa bila kugusa kitanzi hata kimoja. Hesabu yake inafurahisha: mpasuo wa sentimita 6 begani una kingo mbili, kwa hiyo unaongeza sentimita 12 kwenye mlango. Thelathini na nane na kumi na mbili ni hamsini. Okota vitanzi kwenye kila upande wa mpasuo, fuma ukanda mfupi wa sentimita 2, wa mbele ulale juu ya wa nyuma, na kwenye wa mbele acha matundu mawili au matatu ya vifungo.

Hapo kwenye vifungo simama kidogo. Marekani hutumia kikombe chenye kipenyo cha milimita 31.7 kupimia vitu vya watoto walio chini ya miaka 3. Chochote kinachoingia chote ndani yake huhesabiwa kuwa kinaweza kumsonga mtoto. Kifungo cha sweta la mtoto huwa na milimita 12 au 15. Maana yake ni kwamba usalama wake hautokani na ukubwa bali na namna kilivyoshikizwa. Usikishone kwa uzi wa sweta, ambao huchakaa na kulegea. Tumia uzi imara wa kushonea wa poliesta, na ndani ya sweta weka kipande kidogo cha kitambaa ili uzi usiipenye nguo. Ukimaliza kivute kwa nguvu zote za vidole vyako, na mfundishe wifi yako kuvikagua kila anapofua. Kifungo kilicholegea kikatwe siku hiyo hiyo, hata kama hana kingine.

Kuhusu uzi, mwenzako amekosea, ingawa si kwa yote. Akriliki hainyumbuki kama sufu, lakini inanyumbuka kuliko pamba, na ungefuma sweta hili kwa uzi wa pamba shida yako ingekuwa kubwa zaidi, tena sweta lingekuwa zito na lingerefuka kila linapolowa. Sufu halisi ni nzuri kwa baridi, ila ni ghali na haitaki maji ya moto wala kusuguliwa, kwa maana magamba yake hushikana na nguo ikajikunja mpaka ikawa ya mwanasesere. Akriliki hufuliwa upesi na haimwelemei mama mwenye mtoto mdogo. Sharti langu moja ni moto. Akriliki ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na ninajua jinsi jiko la mkaa linavyozungukwa jioni za Juni huko kwenu. Mtoto aliyevaa sweta hilo asikae mapajani mwa mtu aliye karibu na jiko.

Sweta la pili lianze na kipande cha majaribio, ambacho wanafunzi wangu wote hukichukia. Fuma mraba mdogo unaozidi sentimita 10 kila upande, ufue, uukaushe, kisha uhesabu vitanzi vilivyo ndani ya sentimita 10 za katikati. Maelezo yakisema vitanzi 22 nawe ukapata 24, tofauti inaonekana ndogo, lakini kwenye mzunguko wa vitanzi 110 wao watapata sentimita 50 nawe utapata chini kidogo ya 46. Nadhani sehemu ya sentimita zilizokupotea shingoni zilipotelea humo. Ukipata vingi kuliko ilivyoandikwa, usiulegeze mkono kwa makusudi, kwa sababu mkono husahau ukifika mstari wa kumi; badilisha sindano, chukua iliyo kubwa zaidi.

Pia badilisha shingo yenyewe. Kwa watoto walio chini ya mwaka mmoja napenda mabega yanayopishana: kipande cha mbele na cha mgongo hurefushwa mabegani ili kimoja kilale juu ya kingine kwa sentimita kadhaa, na vikashikanishwa pale tu mkono unapoanzia. Shingo hufunguka kama bahasha, haihitaji kifungo, na ina faida ambayo mama yeyote ataielewa bila kufafanuliwa: nepi ikivuja hadi mgongoni, nguo huteremshwa kupitia miguuni badala ya kupandishwa usoni. Sweta la kufunguka mbele nalo hufaa, lakini lina vifungo vitano au sita vya kuchunga, na kwa mtoto wa umri huu kila kinachofika mkononi hufika mdomoni.

Ndani ya sweta, na zaidi sana ndani ya soksi na glavu kama utazifuma, ficha ncha zote za uzi kwa kuzipitisha katika vitanzi vya nyuma, na usiache nyuzi ndefu zinazoning'inia. Uzi mmoja mwembamba huweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu bila mtu kuuona, ukakibana hadi damu isipite. Mtoto akilia bila sababu inayojulikana, mvue soksi mtazame vidole vyake. Mkikuta kimoja kimevimba au kimebadilika rangi na uzi au unywele umekizunguka, na hamuwezi kuutoa wote mara moja, mpelekeni hospitali saa ile ile.

Ukikwama kwenye kazi yenyewe, usirudi kwa fundi cherehani. Mtafute anayefuma masweta ya shule kwa mashine, au mama yeyote anayefuma kwa mkono, ukae naye saa moja sweta likiwa mapajani, kwa kuwa namna ya kushika uzi kati ya vidole haiandikiki. Na katika sweta la pili, ukiamua kubaki na shingo ya kawaida, usifunge vitanzi vya mwisho nyumbani kwako. Vipitishe kwenye uzi mrefu wa rangi nyingine, ulifunge sweta kwenye khanga, uende nalo kwa wifi yako saa ambayo mtoto ameshiba na hana usingizi. Ingizeni mikono ndani ya shingo muipanue kabla ya kuiteremsha usoni. Ikipita bila yeye kukunja uso, keti hapo hapo, uifunge.